Klima ya motokari ya zamani: mbele ya kulipa gazi, tafuteni tundu

Bandugu watumishi, na ninyi mama wenye kuchunga mfuko wa nyumba, leo hatuzungumzi karatasi ya mushahara wala mapatano ya kazi. Tunazungumza klima na shofaji za motokari za zamani. Najua wamoja watacheka na kuuliza: sendika inaingia namna gani mu mambo ya klima? Ngojeni kwanza.

Angalieni namna tunafika kazini. Mu Kolwezi, mu Likasi, mu Fungurume, si kila mutu anabebwa na bisi ya kampani. Wengi wanajikusanya watu sita ao nane, wanaweka likelemba, wananunua Land Cruiser ya zamani, ile ya miaka ya 1980, yenye moteri ya dizeli isiyochoka. Chuma kingali kigumu, vipuri vinapatikana, kila fundi anaijua. Lakini nyingi za motokari zile zilitoka ku fabriki bila klima. Klima iliwekwa nyuma, na mutu mwingine: kompresere ya kununua ku soko, radiatere ya kutoka ku motokari ingine, mipira ya kukatwa ku atelye, na sanduku la kupuliza lililofungwa chini ya tabulo. Hakuna kitabu kinachoeleza mutambo ule, juu kila moja ni ya peke yake.

Kisha inafika mwezi wa 9 na wa 10, ule moto wa mbele ya mvua. Klima imekufa, watu nane wako mu sanduku la chuma, basi tunafungua madirisha. Mavumbi ya njia ya karyeri yanaingia, pamoja na moshi wa makamio yaliyo mbele. Moshi wa dizeli, kituo cha Shirika la Afya la Dunia chenye kuchunguza kansa kiliuandika mu 2012 kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Mavumbi ya mawe yenye silika yalikwisha kuandikwa mbele, mu 1997. Kule ku shimo tunapigania maski, kisha njiani tunavuta vitu vile vile, asubuhi na mangaribi, bila mutu kusema neno. Njo maana klima yenye kutembea si mambo ya wakubwa peke yao.

Na iko neno la mfuko. Hilo njo linaniuma zaidi.

Gazi haikuliwi sawa mazuti

Munajua namna inapitika. Motokari inafika ku garaji, fundi anafungua kapo, anagusa mupira mumoja, anasema: « Yaya, ni gazi njo ilikwisha. Leteni feza tuongeze. » Munalipa. Baridi inakuja kwa wiki mbili, wiki tatu, kisha inapotea. Munarudi, fundi anasema neno lile lile. Mwaka unakwisha, likelemba imelipa gazi mara tano, na madirisha yangali wazi.

Sasa mushike hili: gazi ya klima haikuliwi. Inazunguka mu njia iliyofungwa. Kompresere inaisukuma kwa nguvu, inapata moto. Inapita mu radiatere ya mbele, ile mafundi wanaita kondansere, inaacha moto wake ku upepo na inageuka maji. Inapita mu kitundu kidogo cha detandere, pale inapanuka na kuwa baridi sana. Inaingia mu radiatere ndogo ya ndani, evaporatere, inakamata moto wa hewa ya kabini, kisha inarudi ku kompresere na kuanza tena. Angalieni frigo ya ku nyumba: inaweza kupita miaka kumi bila mutu kuiongezea gazi. Ku motokari ni tofauti kidogo, juu kompresere yake ina chuma kinachotoka inje kwa kuzungushwa na kurua, na mipira inatingizika kila siku, njia zetu munazijua. Basi kupoteza kidogo mu miaka mbili ao tatu, tunaweza kukubali. Kupoteza yote mu mwezi mumoja, ile ni tundu. Mwenye kuongeza gazi bila kutafuta tundu anawauzia upepo.

Anzeni na masikio na mikono

Kuna vitu munaweza kuangalia wenyewe, bila kulipa mutu. Washeni moteri, wekeni klima, na mutu mumoja asimame pembeni ya kapo wazi, mbali na kurua na vantilatere, bila nguo ya kuning'inia. Ku kompresere asikie « tak ». Ni ambreyaji inayoshika. Kama hakuna « tak », mara mingi ugonjwa uko mu umeme. Ao gazi imekwisha kabisa, na kile kitufe cha kuchunga presio kimekata umeme kwa kulinda mutambo.

Angalieni fizibo, kisha rele, kisha masi. Masi, bandugu! Mu motokari ya zamani yenye kutu, iliyopakwa rangi mara tatu, umeme unakosa njia ya kurudi, na watu wanabadirisha kompresere nzima juu ya bulo moja chafu. Mukwangue pale mupaka chuma kiangae, mukaze. Kisha mupime na lampi ku waya wa kompresere. Kama umeme unafika na ambreyaji haishiki, bobini imekufa, ao sahani imechakaa na nafasi yake imekuwa kubwa.

Wenye Land Cruiser wasikilize zaidi: dizeli zingine za zamani, za ukoo wa 40 na wa 60, zinatumika na umeme wa volti 24. Bobini ya volti 12 ikiunganishwa pale, inaungua. Batiri mbili chini ya kapo haziambii kitu, juu zinaweza kuunganishwa kwa volti 12 ao kwa 24. Pimeni, na musome ile iliyoandikwa ku kompresere.

Kuna mafundi wanachukua kipande cha waya, wanaruka kile kitufe cha presio, kompresere inashika, kila mutu anafurahi. Kwa kupima sekunde chache, sawa. Kwa kuiacha vile na kwenda nayo kazini, hapana. Gazi njo inabeba mafuta ya kompresere. Gazi ikiwa kidogo, mafuta hayarudi, na kompresere inajikula yenyewe. Vumbi ya chuma inajaa mu njia yote, na pale hamutalipa tena gazi, mutalipa klima nzima.

Kama « tak » imesikilika, pitisheni mukono. Mupira munene wenye kurudi ku kompresere uwe baridi na utoe jasho. Ule mwembamba wa kutoka ku kompresere musiushike, unaunguza. Kama mipira yote miwili iko sawa sawa, hakuna moto wala baridi, kompresere haisukumi ao haina kitu cha kusukuma.

Na mbele ya yote hayo, angalieni kondansere. Iko mbele ya radiatere ya moteri, na kati yao munaingia udongo mwekundu, majani, wadudu. Dalili yake ni nyepesi: ku njia ya lami baridi inakuja vizuri, lakini mukisimama ku peaji ao ku bariyeri ya kampani, hewa inakuwa ya moto, na saa ingine mushale wa moteri pia unapanda. Ile si gazi. Ni upepo haupite. Osheni na maji ya kawaida, kutoka nyuma kuelekea mbele, bila mashini ya presio yenye kukunja mapezi, na muone kama vantilatere inazunguka.

Manometa inasema nini

Sasa fundi analeta manometa zake mbili. Moteri imezimwa tangu saa moja, mishale miwili isome sawa. Kwa gazi ya R134a, kama inje ni degre 20, itasoma karibu bari 4,7. Kama ni degre 30, karibu 6,7. Hapa wengi wanadanganyika. Presio ile haisemi gazi ni ngapi. Kama imebakia maji ya gazi kidogo tu ndani, mushale utasoma sawa na pale imejaa. Fundi anayesimamisha motokari, anasoma, na kusema « imejaa » ao « imebakia nusu », anabahatisha.

Mukiwasha, upande wa chini unakuwa karibu bari 2, upande wa juu kati ya 12 na 16 hivi kwa siku ya moto. Pande zote mbili zikiwa chini, gazi ni kidogo. Zote zikiwa juu, gazi imezidi, ao hewa iliingia, ao kondansere ni chafu. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukishuka, kompresere imechoka. Na kama upande wa chini unashuka mupaka chini ya ziro, detandere imefungwa, mara mingi juu ya unyevu ulioganda pale. Dalili yake ni baridi yenye kuja na kupotea, kuja na kupotea.

Kutafuta tundu, macho njo manometa ya kwanza. Gazi ikitoka, inatoka na mafuta, na mafuta yanashika mavumbi. Tafuteni doa jeusi lenye kunata: ku miungo ya mipira, mbele ya kompresere pale chuma kinatoka, chini ya kondansere pale mawe yanapiga, na ku mabano ya kompresere. Mabano yaliyosudiwa ku atelye mara mingi hayako sawa na puli ya moteri. Kurua inalia, kompresere inatetema, na mwezi wa pili mupira unapasuka ku muungo ule ule.

Kisha maji ya sabuni. Ikiwa gazi imekwisha yote, fundi mwenye akili anaingiza azoti kavu, presio ya kadiri, anapaka sabuni na anangoja povu. Hapa nasema kwa sauti ya juu, juu mu atelye zetu shupa ya oksijeni ya kusudia iko karibu kila siku: oksijeni hapana! Mafuta na oksijeni ya presio vinalipuka. Mutu wa kazi ya chuma anajua kwamba ku kichwa cha shupa ya oksijeni hatupaki mafuta. Basi usiingize oksijeni ile mu mutambo uliojaa mafuta.

Na butani ya kupikia? Ni ya bei ndogo, na ni kweli inaleta baridi, siwezi kuwadanganya. Lakini evaporatere iko ndani ya kabini, mbele ya miguu yenu. Ikitoboka usiku, motokari imefungwa, asubuhi mutu anaingia na sigara ao rele inatoa cheche. Watu nane mule ndani. Mimi sitakaa mu motokari ile, na musikubali watoto wapande.

Klima za zamani sana ziliwekwa na gazi ya R12. Ile inaharibu ozoni, na kwa mapatano ya Montreal ya 1987 kutengenezwa kwake kulikatazwa, mupaka 2010 mu inchi kama zetu. Sasa wanaweka R134a, ni sawa, lakini si kumimina tu. Mafuta ya zamani hayachanganyikani na gazi mupya, inaomba mafuta ya namna ingine. Mipira ya zamani inaivuja, inaomba mipira mupya. Na uzito wake ni mudogo kuliko wa R12, karibu 80 mupaka 90 kwa 100. Kila mara njia inafunguliwa, chujio ya kukausha, ile shupa ndogo ya chuma, inabadirishwa. Kisha pompi inanyonya hewa nusu saa ao zaidi. Fundi wa Kolwezi asishangae kama mushale haufiki -1: tuko ku urefu wa zaidi ya metre 1 400, hewa yetu ni nyepesi, utasimama karibu -0,85. Neno kubwa ni usirudi kupanda pale pompi imezimwa.

Baridi ya mwanzo, kisha hakuna upepo

Iko ugonjwa mwingine unaokula feza bure. Klima inaanza vizuri, nyuma ya nusu saa upepo unapungua, unapungua, unakwisha, hata vantilatere inapiga kelele. Munazima dakika kumi, inarudi. Gazi haina kosa. Evaporatere imeganda barafu, juu kile kidole cha termostati chenye kupima baridi kilitoka mu mapezi yake. Kukirudisha pale ni kazi ya dakika chache. Ao mapezi yamejaa mavumbi. Sanduku hizi za chini ya tabulo hazina chujio, na kwa njia zetu mwaka mumoja unatosha kuziba.

Ingine ni ya ajabu zaidi, na mafundi wengi wanaisahau. Klima inasukuma baridi, na shofaji ya fabriki inasukuma moto, mu kabini moja. Robine ya maji ya moto haifungi tena, kebo yake imekatika ao imeshika kutu. Bananeni kidogo mupira wa shofaji na koleo yenye kitambaa: kama baridi inaongezeka, mumepata mwizi. Badirisheni robine.

Lakini musikate shofaji! Hiyo njo tabia mbaya ya pande zetu. Fundi anaona radiatere ya shofaji inavuja, ao anatafuta nafasi ya kuweka klima, anakata mipira miwili, anaiunganisha moja na ingine, anasema: « Katanga ni inchi ya moto. » Mwezi wa 6 na wa 7, mutu wa posti ya asubuhi anatoka saa kumi ya usiku na baridi ya kuuma mifupa, watu nane wanapumua, kioo cha mbele kinajaa ukungu, na dreva anaendesha na mukono mumoja, mukono mwingine unapangusa na kitambaa. Mbele yake iko kamio imesimama bila taa. Sanduku la klima la chini ya tabulo haliwezi kusaidia, juu linapuliza ku nyuso za watu, halipulizi ku kioo, na linazungusha hewa ile ile iliyopumuliwa. Shofaji njo inapuliza ku kioo. Na ukiwasha klima kidogo pamoja na shofaji, klima inakausha hewa, moto unafuta ukungu. Mu mvua ya mwezi wa 1 mutaona tofauti. Mufungue dirisha kidole kimoja, watu wasisinzie.

Kama shofaji haileti moto, shikeni mipira yake miwili pale moteri imepata moto. Mumoja wa moto, mwingine baridi: robine imefungwa ao radiatere yake ndogo imeziba. Yote vuguvugu: angalieni kama termostati ya moteri iko. Mara mingi haiko! Walitosha wakisema moteri haitachemka. Termostati inafunguka karibu degre 80 na inaifikisha moteri ku moto wake. Bila ile, mazuti inaungua vibaya, moteri inachakaa, na munakaa na baridi. Kwetu huku maji yanachemka karibu degre 95 juu ya urefu wa inchi. Basi kifuniko cha radiatere kisichoshika presio njo cha kubadirisha. Mipira yote ikiwa baridi na moteri ni ya moto, hewa ilifungiwa ndani: pandisheni pua ya motokari ku mulima kidogo, moteri ikiwa imepoa, mujaze maji polepole.

Maji ku miguu ya mutu wa mbele yanawaambia ugonjwa wake. Yakiwa safi, bila harufu, ni jasho la klima, mupira wa kuyatosha inje umezibwa na udongo. Yakiwa na rangi, yananata, yana harufu ya sukari, na kioo kinashika mafuta mafuta, ni radiatere ya shofaji inavuja. Maji yale ya rangi ni sumu, na utamu wake unavuta watoto na imbwa. Mama, bidoni yake isikae mu lupango pale watoto wanacheza, na isitumike tena kwa kuchota maji.

Na muangalie ule ukuta wa chuma kati ya moteri na kabini. Mwenye kuweka klima alitoboa matundu ya mipira, na mara mingi hakuyafunga. Pale njo panapita mavumbi, pia moshi wa moteri. Eshapma iliyotoboka chini ya viti inaleta gazi isiyo na harufu yenye kuua. Usiku mutu mumoja akisema kichwa kinauma na mwingine anasinzia, simameni, fungueni milango. Matundu munafunga na mupira wa kipenyo chake, si na kitambaa.

Kwa wale wa likelemba, nunueni kaye moja, ikae mu motokari. Andikeni tarehe, jina la gazi, gramu ngapi ziliingia, mafuta gani, chujio ya kukausha ilibadirishwa ao hapana, tundu lilipatikana wapi, na jina la garaji. Mu miezi ya baridi washeni klima dakika kumi kila wiki, juu mupira wa kufunga ku kompresere unakauka ukikaa bila mafuta. Na kama fundi anakataa kuandika gramu, mumuulize mizani yake iko wapi.